Drepanositozi: siri iliyokunjwa ndani ya kiini cha seli

Mtoto mwenye ugonjwa wa SS huzaliwa akionekana mzima kabisa. Ananyonya, analala vizuri, anaongeza kilo. Kisha, kuanzia mwezi wa tano au wa sita hivi, mambo yanabadilika. Vidole vya mikono na vya miguu vinavimba, mtoto analia usiku kucha, damu inapungua, macho yanakuwa ya manjano. Familia nyingi za Kongo hubaki na swali moja: kama ugonjwa huu alizaliwa nao, miezi yote hiyo ulikuwa umejificha wapi?

Wengine hutafuta jibu kwa jirani mwenye wivu, wengine kwa ukoo wa mama. Lakini jibu ambalo watafiti wamelipata kwa kazi ya zaidi ya miaka 70 liko mahali padogo sana: ndani ya kiini cha seli, katika namna uzi wa ADN unavyosokotwa, unavyokunjwa na unavyofunguliwa. Jibu hilo ndilo limezaa tiba mpya zinazozungumzwa duniani leo, na ndilo linalosaidia kueleza kwa nini kidonge cha zamani kinaokoa watoto hapa Kongo.

Ugonjwa wenyewe, drepanositozi, ambao jirani zetu wa Tanzania wanauita selimundu, si mgeni nchini. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa kwa watoto wachanga 31,204, na kutangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa na hali ya AS, yaani wamebeba jeni moja ya ugonjwa bila kuumwa. Watoto 14 kati ya kila 1,000 walikuwa SS kamili. Sababu ya wingi huo inajulikana: mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo kwa vizazi vingi jeni hiyo ilibaki na kuenea katika nchi zenye mbu.

Mita mbili ndani ya kiini kisichoonekana

ADN, ambayo kwa Kiingereza huitwa DNA, ni uzi ulioandikwa maagizo yote ya mwili. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Uzi una nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, na kila baada ya herufi kumi na nusu hivi kamba hiyo inamaliza mzunguko mmoja. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, Uingereza, wakitumia pia picha za miali ya X zilizopatikana katika maabara ya Rosalind Franklin huko London.

Ukinyoosha ADN yote ya seli moja ya mtu, kromozomu zote 46 zikiwekwa moja baada ya nyingine, utapata uzi wa takriban mita mbili. Lakini kiini cha seli kinachobeba uzi huo kina upana wa mikromita sita hivi, na mikromita moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi hiyo, tuseme kiini kingekuwa kikubwa kama mpira wa kandanda. Uzi wa kuingiza ndani yake ungekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 70, karibu mara tatu ya njia ya kutoka Goma mpaka Sake, huku unene wake ukiwa kama wa unywele. Na haitoshi kuusukumiza ndani tu. Kila dakika seli inahitaji kupata sehemu fulani ya uzi huo, kuisoma, kisha kuifunga tena, bila fundo na bila kukatika.

Seli hufanya hivyo kwa mpango. Kwanza, uzi huzungushwa kwenye proteini ndogo zinazoitwa histoni, kama uzi wa fundi cherehani unavyozungushwa kwenye bobini. Histoni nane hukaa pamoja, na herufi 147 za ADN huzizunguka karibu mara mbili. Kisha uzi unaendelea kidogo na kuzunguka bobini nyingine, na nyingine tena. Seli moja ya mtu ina bobini hizo takriban milioni 30. Mwaka 1974 Ada na Donald Olins huko Marekani walichapisha picha zake chini ya darubini ya elektroni: zilionekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Mwaka huohuo Roger Kornberg alieleza namna shanga hizo zilivyojengwa. Umbo lake kamili, karibu atomu kwa atomu, lilitolewa mwaka 1997 huko Zurich, Uswisi.

Baada ya hapo uzi wenye shanga hukunjwa kuwa vitanzi. Proteini yenye umbo la pete, kohesini, hushika uzi na kuuvuta hadi kitanzi kinakua, kisha husimama inapokutana na proteini nyingine inayokaa kama kizuizi barabarani. Mwishowe kila kromozomu hukaa katika eneo lake ndani ya kiini, kama familia zinavyokaa kila moja katika parsela yake. Sehemu zinazosomwa mara nyingi hulegezwa, na zile zisizohitajika hubanwa, nyingi zikisogezwa pembeni karibu na ukuta wa kiini.

Msokoto juu ya msokoto

Kuna tatizo lingine ambalo kila anayesuka kamba analijua. Shika kamba yenye nyuzi mbili, mtu mwingine aishike ncha ya pili, kisha jaribu kuzitenganisha nyuzi hizo katikati. Palipofunguliwa patalegea, lakini mbele yake kamba itajikaza na kuanza kujikunja yenyewe, msokoto juu ya msokoto.

ADN hupata shida hiyohiyo kila jeni inaposomwa. Mashine ya kusoma hufungua nyuzi mbili ili kuona herufi, na inaposonga mbele inasukuma msokoto mbele yake. Jeni ya hemoglobini ambayo mtu mzima anaitumia ina herufi 1,600 hivi, maana yake kila inaposomwa kuna mizunguko takriban 150 ya kushughulikia. Bila msaada, uzi ungekaza mpaka usomaji usimame.

Msaada huo unaitwa topoizomerazi, kundi la enzimu ambazo kazi yake ni kukata uzi, kuuacha uzunguke au kupitisha uzi mwingine kwenye nafasi iliyokatwa, kisha kuunga tena. Ya kwanza iligunduliwa na James Wang mwaka 1971 katika bakteria. Aina moja hukata uzi mmoja kati ya ile miwili, nyingine hukata yote miwili kwa pamoja.

Msokoto wenyewe si adui siku zote. Uzi ukisokotwa kwa upande wa kulegea, nyuzi zake mbili hufunguka kwa urahisi zaidi, na jeni iliyo hapo husomeka kwa urahisi. Ukikazwa kupita kiasi, haisomeki. Uzi unapozunguka histoni huweka akiba ya msokoto wa kulegea, ambayo seli inaweza kuitumia baadaye shanga zikiondolewa.

Wakongomani wengi wamekwisha kumeza dawa zinazogusa mambo haya bila kujua. Ciprofloxacin, antibiotiki inayotumika kwa homa ya matumbo na maambukizi mengine, hushambulia enzimu ya bakteria inayosimamia msokoto wa ADN yao. Enzimu inakata uzi, dawa inaizuia kuunga, bakteria anakufa. Dawa za saratani kama etoposide na doxorubicin hutumia njia ya namna hiyo katika seli za mtu, ndiyo sababu hutolewa kwa uangalifu mkubwa.

Kitanzi kinachohama

Sasa turudi kwa mtoto wa SS. Ugonjwa wake unatoka kwa herufi moja tu. Kwenye kromozomu ya 11, katika jeni iitwayo beta, palipotakiwa kuwa na A pana T. Kosa hilo hubadilisha hemoglobini, proteini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Hemoglobini hiyo inapoachia oksijeni hushikamana na kuwa vijiti virefu, na chembe nyekundu, ambayo kwa kawaida ni laini na ya mviringo, hujikunja kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo ya damu, na hapo ndipo maumivu hutokea. Nyingine hupasuka mapema, na damu inapungua.

Lakini jeni ya beta haiko peke yake. Kabla yake, kwenye uzi uleule, zipo jeni nyingine za jamaa moja, zimepangwa kwa foleni kufuata wakati wa kutumika. Iko ya wiki za kwanza za mimba, zinafuata mbili ziitwazo gama, ambazo hutengeneza hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, na mwishoni kabisa iko beta ya mtu mzima. Hemoglobini ya tumboni hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, ili mtoto aweze kuichukua kutoka kwa damu ya mama yake.

Jeni za gama hazina kosa lile la herufi moja, na hemoglobini yake huzuia vijiti vya SS kujengeka. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson wa New York aliona kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu walikuwa na chembe chache sana za umbo la mundu. Alisema huenda hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowalinda. Alikuwa sahihi. Hapo ndipo lilipo jibu la familia zinazouliza ugonjwa ulijificha wapi: mtoto alikuwa bado anatumia akiba ya gama.

Kinachofanya gama izimwe na beta iwashwe kimefichwa katika mikunjo ya ADN. Mwanzoni mwa foleni hiyo ya jeni, mbali kwa makumi ya maelfu ya herufi, kuna kipande cha uzi kinachofanya kazi ya swichi kuu. Kikundi cha Frank Grosveld kilikieleza mwaka 1987. Kwa muda mrefu haikueleweka namna kipande kilicho mbali vile kinavyoweza kuamrisha jeni. Mwaka 2002 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walionyesha katika seli za panya kwamba uzi hujikunja kuwa kitanzi, na swichi kuu inakuja kugusana na jeni inayotakiwa kusomwa.

Mtoto akiwa tumboni, kitanzi hicho huileta swichi kwenye gama. Kadiri wakati wa kuzaliwa unavyokaribia, na katika miezi inayofuata, kitanzi kinahama kwenda kwenye beta. Gama haiondoki. Haikatwi wala haiharibiki. Inabaki nzima katika kila seli yenye kiini mpaka mtu anapozeeka, ila imekunjwa na kufungwa, haifikiwi tena na swichi.

Uamuzi huu wote unafanyika ndani ya uboho wa mifupa, katika seli changa. Chembe nyekundu ikikomaa hutupa nje kiini chake, pamoja na ADN yote, ili kupata nafasi ya kujaza hemoglobini. Inapoingia kwenye mishipa haina tena maagizo ya kusoma. Hemoglobini iliyotengenezwa kabla ndiyo itakayobeba kwa siku zote za maisha yake, ambazo kwa mtu mzima wa afya ni 120 hivi, na kwa mgonjwa wa SS ni chache sana.

Mlinzi anayefunga gama

Mwaka 2008 kikundi cha Stuart Orkin huko Boston kilionyesha kwamba proteini moja, BCL11A, ndiyo mmoja wa walinzi wakuu wanaofunga gama. Hukaa karibu na mwanzo wa jeni hiyo na kuita proteini nyingine, ambazo huondoa alama za kulegeza kwenye histoni ili uzi ubanwe.

Wazo likawa wazi: mlinzi akipunguzwa nguvu, gama itafunguka tena. Kulikuwa na sababu ya kutumaini. Kuna watu wachache waliorithi ugonjwa wa SS pamoja na hitilafu nyingine inayoiacha gama wazi hadi utu uzima. Watu hao huugua kidogo sana, wengine bila hata kujua kwamba wana SS.

Mwaka 2014 watafiti wa Philadelphia, kikundi cha Gerd Blobel, walichukua seli za damu za watu wazima na kulazimisha kitanzi kirudi kwenye gama, kwa kupeleka hapo proteini inayoshikanisha uzi. Gama ikaanza kusomwa tena kwa wingi, na usomaji wa beta ukapungua. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni mkunjo tu.

Tiba iliyofika kwa wagonjwa ilipita njia ya mlinzi. Inaitwa Casgevy. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, hukatwa kwa mkasi wa CRISPR mahali panapoiwashia BCL11A katika seli za damu, kisha hurudishwa mwilini baada ya uboho wa zamani kuteketezwa kwa dawa kali. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wagonjwa kuanzia miaka 12. Katika majaribio, wagonjwa wengi waliotibiwa walikaa mwaka mzima au zaidi bila maumivu makali yaliyokuwa yakiwarudisha hospitali.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Inahitaji pia wiki nyingi hospitalini, vyumba vilivyolindwa na maambukizi, na wataalamu wa kupandikiza uboho. Kwa familia ya Kinshasa, Lubumbashi au Bukavu, hiyo ni habari ya mbali.

Kidonge kilichojaribiwa Kinshasa

Iko dawa nyingine, ya zamani na ya bei ndogo zaidi: hidroksiyurea. Haikutengenezwa kwa ajili ya vitanzi vya ADN. Hupunguza kasi ya seli kutengeneza ADN mpya, na uboho ukibanwa namna hiyo hutoa chembe nyingi zaidi zenye hemoglobini ya tumboni. Kwa njia hiyo, mlango wa gama unafunguka kidogo bila upasuaji wala mkasi wa jeni. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa watu wazima wa SS mwaka 1998.

Kwa muda mrefu madaktari walisita kuitumia Afrika. Waliogopa kwamba dawa inayopunguza chembe za damu ingeongeza malaria na maambukizi mengine kwa watoto. Swali hilo lilijibiwa na utafiti ulioitwa REACH, uliofanyika katika vituo vinne: Luanda nchini Angola, Kinshasa hapa Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda. Jina la kwanza kwenye ripoti yake ni la Mkongomani, Profesa Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole ya Kinshasa. Watoto 606 wa kati ya mwaka mmoja na miaka kumi walipewa dawa na kufuatiliwa.

Matokeo yalitoka katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine Januari 2019. Kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja, mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka karibu 98 kabla ya dawa hadi 45. Malaria, ambayo ndiyo iliyoogopwa, ilishuka kutoka 47 hadi 23. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43 hadi 14. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Idadi ya kuongezewa damu ina uzito wa pekee kwetu. Kila chupa ya damu ambayo mtoto hakuihitaji ni chupa ambayo mzazi hakuitafuta usiku, na ni hatari moja pungufu ya kupata ugonjwa kupitia damu ya mwingine.

Kabla gama haijafungwa

Elimu hii ya mikunjo inatoa pia funzo la wakati. Ile miezi ya kwanza, gama ikiwa bado inafanya kazi, ni nafasi ya kujipanga. Mtoto akipimwa damu mara anapozaliwa, familia inajua mapema. Anaweza kuanza penisilini ya kumkinga na maambukizi, kupata chanjo zote, kulala ndani ya chandarua na kufuatiliwa na daktari kabla vidole havijavimba kwa mara ya kwanza. Asiyepimwa, mara nyingi hutambuliwa akiwa tayari katika hatari, na wengine hufa kwa malaria au kwa kupungukiwa damu bila mtu kujua kwamba ilikuwa SS.

Hidroksiyurea nayo si ya kununua sokoni na kumpa mtoto kwa kukadiria. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto, na damu lazima ipimwe mara kwa mara kuona kama chembe hazijashuka mno.

Na kwa vijana wanaojiandaa kuoana, kipimo cha elektroforezi ya hemoglobini kinawaonyesha kama wote wawili ni AS. Wakiwa hivyo, kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto wa SS. Jeni hizo mtoto huzipata kwa baba na kwa mama kwa usawa. Hakuna mwanamke wa kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa huu, wala mtoto wa kuitwa mchawi.

Katika uboho wa mtoto huyo, jeni zile mbili za gama bado zipo, nzima na bila kosa. Watafiti wanaendelea kutafuta kidonge cha kumzuia mlinzi BCL11A, ili gama ifunguke bila gharama ya kupandikiza uboho. Mpaka kidonge hicho kipatikane, kipimo cha siku za kwanza na hidroksiyurea inayosimamiwa na daktari ndivyo vilivyo karibu zaidi na familia zetu. Swali linalobaki kwa wakuu wa afya ni vituo vingapi vya kuzalisha nchini vinaweza leo kumpima mtoto kabla hajatoka na mama yake kwenda nyumbani.